Miezi saba nilikuwa naongeza moto tu

Mi ni fundi friji. Kibanda changu kipo Ngamiani, hapa Tanga mjini, huku kwenye barabara za namba kumi na kitu, na miaka yote kazi yangu ni moja tu: kulitoa joto pale lisipotakiwa na kulipeleka pale linapoweza kuondoka. Naanza na hilo makusudi, maana hii makala inahusu kitu ambacho mikono yangu inakijua kila siku ya Mungu, na bado kilinichukua miezi saba kukiona juu ya meza yangu mwenyewe.

Kitu chenyewe ni injini ya hewa ya moto. Niliiona kwenye video, usiku mmoja wa mwezi wa kumi na mbili, umeme umekatika, joto la kaskazi limeganda ndani, mtu kaweka kopo juu ya mshumaa na gurudumu linazunguka. Hamna petroli, hamna plagi, hamna vali hata moja, hamna moshi unaotoka nyuma. Nikaitazama mara nne mpaka simu ikazima, nikalala nikiwa nishaamua.

Kwa asiyeijua iko hivi. Una kopo limefungwa kabisa, ndani kuna hewa tu, ileile, haitoki wala haiingii nyingine. Chini unawasha moto, juu unaacha pawe baridi. Ndani ya kopo kuna kitu wanaita displesa, ni kama kizibo kikubwa chepesi ambacho hakigusi kuta, kimeachiwa milimita mbili tatu pembeni. Kazi yake sio kusukuma, kazi yake ni kuihamisha hewa. Displesa ikipanda, hewa inakimbilia chini kwenye moto, inatanuka. Ikishuka, hewa inarudi juu kwenye baridi, inasinyaa. Alafu kuna pistoni ndogo, hiyo ndo inayopokea huko kutanuka na kusinyaa na kuzungusha krenki, yani ile fimbo iliyopindwa inayogeuza kupanda na kushuka kuwa mzunguko. Zote mbili zimefungwa kwenye krenki moja ila zimepishana robo mzunguko, yani digrii 90, displesa inatangulia pistoni inafuata, na flaiwili, yani lile gurudumu, inavusha zile sehemu ambazo hazina nguvu. Basi. Hewa ikipashwa toka digrii 30 mpaka 300 bila kubanwa inataka nafasi karibu mara mbili ya ile ya mwanzo, na hiyo nafasi inayoitaka ndo mshahara wako wote.

Aliyeibuni hakuwa fundi wa kiwandani, alikuwa mchungaji wa kanisa kule Scotland, Robert Stirling, na hati yake ya ubunifu aliiandikisha 1816. Zama zile mvuke ndo ulikuwa unatawala na mabwela ya mvuke, yale matangi ya kuchemshia maji, yalikuwa yanapasuka na kuua watu, maana chuma chenyewe hakikuwa cha kuaminika. Injini yake hewa ndani ni kidogo na presha sio ya kutisha, kikiharibika kitu inasimama tu. 1818 moja ikawekwa kwenye machimbo ya mawe kuvuta maji. Baadae yeye na mdogo wake James, ambaye ndo alikuwa injinia hasa, wakajenga kubwa, 1843 ikawa inaendesha mitambo ya kiwanda cha kuyeyushia chuma pale Dundee, ikafanya kazi miaka kadhaa mpaka upande wa moto ukawashinda, silinda zikawa zinaungua na kupasuka, 1847 wakarudi kwenye mvuke. Mi hiyo habari iliniingia moyoni vibaya. Niliisoma nikajiambia kumbe adui wa hii injini ni upande wa moto. Na nikaenda na hilo wazo miezi saba.

Injini ya kwanza nilijenga kwa vitu vya palepale. Kopo la maziwa ya unga, displesa nimeikunja kwa stili waya ya kusugulia masufuria nikaifunga kwa waya mwembamba, krenki ni spoku ya baiskeli. Tanga spoku hazikosekani, mji wa baiskeli huu, ukisimama kwa fundi baiskeli yeyote anakupa za kupinda bure. Flaiwili ni CD tatu zimegundishwa pamoja. Pistoni sikuwa nayo, nikatumia mpira wa puto uliovutwa juu ya kipande cha bomba na kitufe katikati, ukivimba unasukuma ukinywea unavuta. Kopo nilifunga kwa lehemu, mikono yangu inajua lehemu.

Nikawasha kibatari chini. Nikasubiri dakika tano, nikasukuma gurudumu kwa kidole. Likazunguka mara mbili likasimama. Nikasukuma tena. Hivohivo mpaka adhana ya isha.

Sa hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu kuna watu wanajenga hizi wanakata tamaa siku ya kwanza, na siku ya kwanza karibu zote hazizunguki. Zina matatizo ya aina mbili na yanatofautiana kama homa na njaa. Kuna injini ambayo haianzi kabisa, na kuna injini inayoanza alafu inakufa. Mi nilianza na ile ya kwanza.

Isiyoanza, mara nyingi ni hewa inavuja au vyuma vinasuguana. Kuvuja ndo chakula changu cha kila siku, kwahiyo nikafanya kama kwenye friji: povu la sabuni kila kwenye kiungo, alafu nikalizamisha kopo zima kwenye beseni nikapuliza kwa mrija. Povu lilitoka sehemu mbili. Moja kwenye mshono wa kopo lenyewe, huo nikauziba. Ya pili ni pale fimbo ya displesa inapotokea juu kwenye kifuniko, na hapo ndo pagumu, maana fimbo lazima iteleze na hapohapo hewa isipite. Ukibana hewa haipiti lakini fimbo inakwama, ukilegeza fimbo inateleza na nguvu yako yote inapotelea hapo. Nilihangaika wiki tatu. Kilichofanya kazi ni kipande kirefu cha paipu nyembamba ya kopa, sentimita 4, na waya wa chuma ulionyooka kabisa unaoingia humo kwa shida kidogo, nikausugua na msasa wa maji mpaka ukawa unashuka wenyewe taratibu kwa uzito wake. Urefu ndo unaoziba. Hewa ina safari ndefu kwenye nafasi nyembamba, na mzunguko mmoja ni mfupi sana, haiwahi kumaliza safari. Tundu fupi hata libane vipi litavuja.

Kusuguana nako nikapata namna ya kukupima. Fungua kopo, ondoa displesa isiwe na kazi, zungusha flaiwili kwa kidole kwa nguvu ileile kila mara, hesabu. Yangu mara ya kwanza ilizunguka mara nne ikasimama. Nne! Injini yenyewe nguvu yake ni kama ya mdudu, hiyo misuguano inaila yote na bado ina njaa. Nilikuwa nimeweka mafuta ya alizeti kwenye matundu ya krenki, yakapata joto yakawa gundi, na mtu yeyote anayesoma hapa naomba asirudie. Nikasafisha kwa petroli, nikaweka tone moja tu la mafuta ya cherehani, nikaikunja upya krenki kwenye jiliwa maana spoku ikipinda hata nusu milimita inabana upande mmoja wa mzunguko. Alafu displesa nzito nikaitafutia uzito wa upande wa pili kwenye flaiwili, nati mbili, ili isiwe inapandishwa kama ndoo ya kisimani. Ikafika mizunguko 26. Hapo ndo nikaanza kuheshimu vitu vidogo.

Puto likanisumbua kwa namna nyingine. Likawa linalainika, linanata, siku ya tatu linapasuka. Nikabadilisha na mpira wa glovu, nao ukanata. Nikaona basi bora pistoni ya kweli, nikaenda kwa fundi wa kukereza kule Gofu anikatie ya shaba na silinda yake, kipenyo milimita 24, mwendo sentimita 3, inaingia kavukavu bila mafuta. Hii ya kavu ni muhimu. Mafuta yakiingia kwenye silinda yanavuta pistoni kama matope. Nilisaga risasi ya penseli ikawa unga, nikaupaka kwa kidole, grafiti ile inateleza na joto haliidhuru. Ukiiziba silinda chini kwa kidole gumba na kuiachia pistoni, inaning'inia juu ya hewa na kushuka polepole. Siku naona pistoni inakaa juu ya hewa namna ile nilimwita mama watoto aje aone, akaja na mikono ya unga wa ngano, akaiangalia akasema kumbe hewa ni kitu. Ndio. Hewa ni kitu.

Mwezi wa tatu ikazunguka. Sekunde 11.

Nilirekodi. Ilianza kwa haraka, nzuri, sauti yake ni kama mtu anapiga kidole mezani, alafu ikachoka, ikachoka, ikasimama. Nikasubiri, nikaisukuma, haikwenda kabisa. Usiku huo nilifurahi sana na nikawa na uhakika wa jambo moja, moto hautoshi. Ikianza kwa nguvu alafu inachoka si moto umepungua huko? Kibatari kikaondoka ikaja spiriti. Sekunde 25. Unaona! Nikaongeza tambi za spiriti, sekunde 30. Nikaweka kwenye jiko la mkaa, ikaenda sekunde 40 na ikasimama palepale na haikuanza tena mpaka kesho yake asubuhi. Mwishoni nikatumia tochi yangu ya gesi ya kuchomelea mapaipu, na hapo lehemu ya kifuniko cha juu ikayeyuka, kifuniko kikalala upande.

Nataka muone hapa, maana ndo sababu ya kuandika yote haya. Lehemu inaanza kulainika digrii 183. Ile lehemu haikuwa chini kwenye moto, ilikuwa juu, kwenye upande wa baridi. Puto lililonata lilikuwa juu. Glovu ilikuwa juu. Injini ilikuwa inaniambia kwa kila lugha iliyokuwa nayo kwamba juu kunaungua, na mi nikawa nabadilisha kile kilichoungua badala ya kuuliza kwanini kinaungua. Nilichofanya baada ya lehemu kuyeyuka ni kukiunga kile kifuniko kwa silva, ile tunayoungia kopa ya friji, ambayo haiyeyuki mpaka ufike digrii mia sita na zaidi, ili niweze kuongeza moto zaidi. Nikaongeza. Mwezi wa nne, wa tano. Displesa ya stili waya ikaungua ikawa majivu mekundu, nikatengeneza ya kopo la soda. Mama watoto akawa ananunua mkaa akificha kiroba.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja jirani. Alifanya kazi ya ufita, yani ufundi mitambo, kwenye mashamba ya mkonge enzi hizo, kwenye mashine za korona zinazosaga majani kutoa singa, zile nyuzi, na alasiri huwa anakaa barazani kwangu na kahawa yake na kashata. Alikuwa ameiona ile injini tangu mwanzo na hajawahi kusema kitu. Mwezi wa sita, kusi limeshaingia, hewa ina nafuu, nikawa naiwasha na yeye akasogea.

"Shikamoo babu, karibu uone, leo nimeongeza mkaa."

"Marahaba mwanangu." Akausogeza mkono juu ya kopo bila kugusa, kama mtu anayepima chapati. Akauweka pale muda. "Hii sehemu ya juu kazi yake nini?"

"Hapo ndo baridi babu. Hewa inakuja kupoa hapo."

"Hapa?"

"Ndio."

"Hapa naweza kukaangia yai mwanangu. Hiyo hewa unaipeleka kupoa wapi?"

Alafu akarudi kukaa akanywa kahawa yake. Na mimi nikasimama pale. Kila siku ninaletewa friji mteja anasema haigandishi, gesi imeisha ongeza gesi, na kila siku naigeuza friji namuonyesha ule wavu mweusi wa nyuma umejaa vumbi na utando, namwambia mama, gesi ipo, joto halina pa kutokea, kisafishe hicho na usiibananishe friji ukutani. Nimesema hayo maneno mara ngapi sijui. Hii injini ni friji iliyogeuzwa, na sio mfano tu, ni kitu kilekile kabisa: ukiizungusha kwa mota badala ya moto, upande mmoja unapoa. Kampuni ya Philips ya Uholanzi walitengeneza mashine za namna hiyo zinazopoza hewa mpaka inakuwa kimiminika.

Usiku huo nikatoa mita yangu yenye waya wa kupimia joto, kitu ambacho ningetakiwa kufanya mwezi wa kumi na mbili. Mkaa umekolea, chini digrii 280, juu 140. Kuna Mfaransa, Sadi Carnot, 1824 alionyesha kwamba injini yoyote ya joto ina ukomo wa joto inaloweza kuligeuza kuwa kazi, hata uijenge kwa dhahabu, na huo ukomo hauangalii moto peke yake, unaangalia moto na baridi kwa pamoja. Unachukua joto la baridi unaligawa kwa joto la moto, zote ukiwa umeongeza 273, unatoa kwenye moja. Kwangu: 413 gawanya kwa 553, ukomo asilimia 25. Na hiyo ndo dari tu, injini ya makopo inapata tone lake. Kila nilipoongeza moto chini, baada ya dakika juu nako kunapanda, tofauti inabaki palepale au inapungua. Zile sekunde 40 zilikuwa ni muda ambao kifuniko kilikuwa bado hakijashika joto, basi. Injini haikuwa inachoka kwa kukosa moto. Ilikuwa inashiba.

Kesho yake nikakata kopo kubwa, nikalivisha juu ya silinda kama kola, nikaliunga chini, nikajaza maji ya bomba. Moto nikarudisha spiriti, tambi moja. Chini 230, juu 45. Hesabu ileile: 318 kwa 503, ukomo asilimia 37. Moto mdogo kuliko wa jana, dari ya juu kuliko ya jana. Nikasukuma kwa kidole.

Ilizunguka dakika 22. Ilisimama kwa sababu spiriti iliisha.

Sina maneno mazuri ya kuelezea zile dakika 22. Binti yangu alikuwa anajisomea fizikia mezani akaacha, mama watoto akatoka nje, mzee akaitwa, tukakaa wote tunaangalia CD tatu zinazunguka na hakuna aliyesema kitu muda mrefu. Alhamdulillah.

Baada ya hapo kazi ikawa tamu, kwa sababu nilikuwa najua natafuta nini. Maji ya kwenye kola yanapata moto baada ya muda, nikaweka kopo la pili juu zaidi na paipu mbili za kopa, maji ya moto yanapanda yenyewe kwa paipu moja ya baridi yanashuka kwa nyingine, hamna pampu. Kitambaa kilicholowa nacho kinasaidia, ukiweka barazani upepo wa bahari unapoanza mchana, ila Tanga hapa kuna mipaka, unyevu wa hewa ni mwingi na maji hayakauki kwa kasi. Ni kama mtungi. Mwezi wa saba mtungi unakupa maji ya baridi kweli, mwezi wa pili unakupa maji ya mtungi tu.

Lililonishangaza zaidi ni ukuta. Nilidhani joto linapanda juu kwa kupitia hewa, kumbe sehemu kubwa lilikuwa linapanda kupitia bati lenyewe la kopo, linatambaa toka chini mpaka juu bila kufanya kazi yoyote. Kwa mazoea ya friji mi napenda kopa na aluminiamu, vitu vinavyopitisha joto haraka. Kwenye ukuta wa katikati wa hii injini unataka kinyume chake. Aluminiamu inapitisha joto zaidi ya mara nne ya chuma cha kawaida, na stenlesi inapitisha kama theluthi tu ya chuma. Kwahiyo nikaenda soko la Mgandini nikanunua kikombe kirefu cha stenlesi, chembamba, ile ya bei rahisi ndo nzuri maana ukuta wake mwembamba, nikakifanya ndo upande wa moto. Displesa nikairefusha iwe zaidi ya mara mbili ya mwendo wake. Na kile kinafasi kilichokuwa kinabaki juu na chini displesa ikifika mwisho, nikakipunguza mpaka milimita 2, maana hewa iliyokaa hapo haihami, inapashwa bure na kupozwa bure. Juu kukashuka mpaka 38.

Mchungaji Stirling mwenyewe alikuwa ameliona hili kuliko wote. Kwenye ile hati ya 1816 kitu alichokithamini kuliko hata injini ni kile kifaa cha kutunza joto, yani hewa ikitoka kwenye moto kwenda kwenye baridi ipite kwenye vitu vyembamba iache joto lake hapo, ikirudi ilichukue tena. Leo wanaita rijenereta. Ile stili waya yangu ya kwanza, bila mimi kujua, ilikuwa inafanya kazi hiyo mpaka nilipoiunguza. Sa hivi nimezungushia tabaka moja la waya mwembamba kwenye displesa na injini inakubali moto mdogo zaidi.

Nilihesabu mizunguko kwa video ya polepole ya simu, ni kama 310 kwa dakika. Watu wakiiona swali la kwanza ni lilelile, itachaji simu? Itavuta maji? Nawajibu ukweli. Kuna hesabu ya haraka ya Mmarekani William Beale: zidisha 0.015 kwa presha ya ndani, kwa mizunguko ya sekunde moja, kwa ujazo unaofagiwa na pistoni. Yangu presha ni ya hewa ya kawaida, yani bar 1 hivi, ujazo kama sentimita 13 na nusu za ujazo, inakuja watt moja na kitu, na hiyo ni kwa injini iliyojengwa vizuri kiwandani. Nilifunga kimota cha kwenye deki ya CD kikawasha taa ya ledi moja, nyekundu, hafifu, unaiona vizuri ukizima taa nyingine. Ukitaka nguvu lazima ukandamize hewa ndani, na hapo unahitaji chuma na mihuri ambayo mi sina, na sishauri mtu ajaribu kukandamiza hewa kwenye makopo ya maziwa. Wenye uwezo wameziweka mpaka kwenye nyambizi za jeshi la Sweden, kwa ule ukimya wake.

Ila kuna habari moja ya hizi injini naipenda sana. Miaka ya 1930 Philips waliitoa mavumbini kwa sababu ya redio. Walikuwa wanauza redio za taa, zile zinazokula umeme, na walitaka kuuza kwenye nchi ambazo umeme haujafika na betri hazipatikani. Yani sisi. Wakataka kijenereta kimya, kinachokubali mafuta ya taa au kitu chochote kinachowaka, mtu akiweke pembeni asikilize redio bila kelele. Walipofika mahali pa kukitoa, watt 200 hivi, miaka ya 50, tranzista ikawa imeshafika na redio inaenda kwa betri ndogo za mkononi. Huwa nawaza nyumba ya babu yangu, kama ile injini ingewahi miaka kumi mapema.

Januari hii nimejenga nyingine, pana na fupi, ya tofauti ndogo ya joto. Njia hii aliifungua Ivo Kolin wa Zagreb mwanzoni mwa miaka ya 80, akafuatia Mmarekani James Senft ambaye alifika mahali injini inazunguka kwa tofauti ya nusu digrii. Yangu ni sahani mbili za aluminiamu, katikati duara la plastiki, displesa ni foamu ya kwenye boksi la friji mpya, imekatwa unene wa sentimita moja. Pistoni ni mpira wa glovu uliolegea, usiovutwa kabisa, na safari hii haunati maana hauoni joto. Msijaribu bomba la sindano la plastiki, ule mpira wake mweusi unabana kuliko nguvu yote ya injini.

Kwa kikombe cha chai ilizunguka, lakini kivivu, chai digrii 80 na baraza langu siku hiyo lilikuwa 33 na sahani ya juu inashika joto mapema. Binti yangu ndo aliyesema, baba, si tunauza barafu? Tunayo friza pale, barafu za ukwaju za watoto wa shule. Akaleta bonge la nusu kilo, akaliweka kwenye sinia, akaiweka injini juu yake.

Akazungusha kama tulivyozoea. Ikakataa. Akazungusha tena, ikakataa, inarudisha kidole. Nikaanza kutafuta sabuni ya povu. Yeye akainama, akaangalia, akasema lakini sa hivi moto uko juu na baridi iko chini, si imepinduka? Akaisukuma kwa upande wa pili.

Ikaenda. Kinyumenyume, taratibu, bila moto popote, joto la Tanga linaingia kwa juu na barafu inalipokea kwa chini, mzee kaacha kahawa, watoto wa jirani wamejaa mlangoni. Ilizunguka dakika 50 na ushee, mpaka sinia likawa maji matupu.